Youtiao, Shabu na Figo: Somo Kutoka Karai la Wachina

Alfajiri katika miji mingi ya China, karai la mafuta huwa limekwisha kushika moto kando ya barabara kabla maduka mengine hayajafunguliwa. Muuzaji huchukua kinyunya cha unga wa ngano kilichopumzishwa kwa saa nyingi, hukikata vipande vyembamba, hubandika kipande kimoja juu ya kingine, hukandamiza katikati kwa kijiti, kisha huvuta ncha zote mbili na kukitumbukiza katika mafuta. Baada ya dakika moja au mbili kinyunya huwa kimevimba maradufu, kimepata rangi ya dhahabu, nje kikiwa kikavu na ndani kimejaa mapango ya hewa. Chakula hiki huitwa youtiao, jina lenye maana ya ufito wa mafuta. Wachina hukichovya katika maziwa ya soya yenye moto, hukikatakata juu ya uji wa mchele, au hukifunga ndani ya mkate bapa wenye ufuta. Wahamiaji walikipeleka mbali: Thailand kinaitwa patongko, Indonesia cakwe, Vietnam quẩy.

Wachina husimulia kuwa asili yake ni hasira ya watu wa Hangzhou. Mwaka 1142 jemadari Yue Fei, aliyekuwa akipigana na wavamizi kutoka kaskazini, aliuawa kwa njama iliyohusishwa na waziri Qin Hui. Wauza vyakula, hadithi inasema, walifinyanga vipande viwili vya unga, kimoja waziri na kingine mkewe, wakavishikanisha na kuvikaanga. Hata leo katika Kikantoni youtiao huitwa kwa jina linalomaanisha pepo aliyekaangwa kwa mafuta. Hiyo ni hadithi, wala haina ushahidi wa maandishi ya wakati ule. Hata hivyo ukweli mmoja umo ndani yake: vipande ni lazima viwe viwili. Kipande kimoja peke yake kingeshika gamba mara moja na kushindwa kuvimba. Viwili vinapobandikwa, sehemu vinapokutana haiguswi na mafuta moja kwa moja. Hubaki laini kwa muda, na mvuke pamoja na gesi hupata nafasi ya kuisukuma.

Gesi hiyo inatoka wapi? Hapo ndipo kifungua kinywa hiki kinapoingia katika kliniki ya figo.

Shabu ndani ya kinyunya

Kwa desturi, youtiao haikuumuliwa kwa hamira. Iliumuliwa kwa vitu vitatu: shabu, magadi na chumvi. Shabu inayosemwa hapa ni ile ile inayojulikana Afrika Mashariki, jiwe jeupe linaloangaza, ambalo watu hulitumia kutuliza matope katika maji. Kikemia ni salfati ya alumini na potasiamu. Inapokutana na magadi ndani ya kinyunya chenye maji, hutokea gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo huumua kinyunya, na hutokea pia haidroksidi ya alumini, ambayo hubaki ndani ya chakula. Gesi huruka. Alumini hailiwi na moto wa karai. Yote huingia tumboni pamoja na unga.

Kiasi chake si kidogo, na hesabu yake inafaa kufanywa taratibu. Mojawapo ya vipimo vya kale vilivyozoeleka ni gramu 20 za shabu kwa kilo moja ya unga, wako waliozidisha. Karibu asilimia 5.7 ya uzito wa shabu ni alumini, hivyo gramu 20 hubeba takriban miligramu 1,140. Kilo moja ya unga, ikiongezwa maji na kukaangwa, hutoa takriban kilo moja na nusu ya youtiao. Kwa hiyo kila kilo ya youtiao ina miligramu kati ya 700 na 800 za alumini, na youtiao moja ya gramu 70 ina zaidi ya miligramu 50.

Mwaka 2011 Kamati ya Pamoja ya FAO na WHO ya Wataalamu wa Viungio vya Chakula iliweka kikomo cha muda cha miligramu 2 za alumini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Mtu mzima wa kilo 60 anaruhusiwa miligramu 120 kwa wiki kutoka vyakula vyote. Youtiao mbili za mapishi ya kale humfikisha karibu na kikomo hicho, na ya tatu humvusha. Mtoto wa kilo 20 anaruhusiwa miligramu 40. Youtiao moja tu, mara moja kwa wiki, imekwisha kumpita.

Serikali ya China ililiona jambo hili. Kiwango cha taifa cha viungio vya chakula kinaruhusu mabaki ya alumini yasiyozidi miligramu 100 kwa kila kilo ya youtiao, ikihesabiwa bila maji. Kuanzia Julai 1, 2014, shabu ilikatazwa katika vyakula vingine vingi vya unga wa ngano, vikiwamo mikate ya mvuke, lakini vyakula vya kukaangwa viliachiwa kikomo hicho cha miligramu 100. Wapo wanaodhani kuwa shabu imepigwa marufuku kabisa katika youtiao; sivyo. Kinachotakiwa ni kipimo. Youtiao ya gramu 70 inayotii kikomo hicho ina alumini isiyozidi takriban miligramu 5 na nusu. Mtu mzima akiila kila asubuhi hafiki hata theluthi moja ya kiasi anachoruhusiwa kwa wiki. Yule mtoto wa kilo 20 akiila kila siku hufikia miligramu 38, na hana tena nafasi ya alumini kutoka chakula kingine chochote.

Siku hizi wapishi wengi hutumia beking pauda isiyo na alumini, au hamira. Mwaka 2008 migahawa ya KFC nchini China ilianza kuuza youtiao ikitangaza kuwa hazina shabu. Muuzaji wa karai la barabarani, hata hivyo, hupima kwa kiganja na kwa mazoea, na mnunuzi hana njia ya kuonja tofauti isipokuwa shabu iwe imezidi sana, ambapo mdomo huhisi ukakasi.

Alumini inapoingia mwilini

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote inayojulikana kwa alumini, na utumbo huizuia vizuri. Katika kila sehemu 1,000 za alumini zilizo katika chakula, takriban moja tu ndiyo inayopenya kuingia katika damu. Hiyo moja hushikwa na protini iitwayo transferini, ambayo kwa kawaida hubeba madini ya chuma, kisha hufika kwenye figo na kutolewa katika mkojo. Mtu mwenye figo nzima anaweza kula youtiao za shabu kwa miaka bila dalili yoyote. Hii ndiyo sababu wazee waliokula chakula hiki maisha yao yote hucheka wanaposikia maonyo ya madaktari, nao wana haki ya kucheka kidogo.

Figo zinaposhindwa, mlango wa kutokea hufungwa wakati mlango wa kuingilia ungali wazi. Alumini hujikusanya katika mifupa, katika ini na katika ubongo. Mashine ya kusafisha damu haisaidii sana, kwa kuwa alumini iliyoshikamana na transferini haipiti kwa urahisi katika kichujio.

Tiba ililijua jambo hili kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1970, wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu katika baadhi ya vituo vya Marekani na Ulaya walianza kuugua ugonjwa usioeleweka. Walianza kwa kigugumizi, ambacho mara nyingi kilizidi baada ya kutoka kwenye mashine. Kisha misuli ikashtukashtuka, akili ikapotea, kifafa kikafuata, na wengi wakafa ndani ya miezi michache. Mwaka 1976 Allen Alfrey na wenzake wa Denver, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa wagonjwa waliokufa hivyo: alumini ilikuwa nyingi kuliko ilivyokuwa kwa wagonjwa wengine wa figo. Chanzo kilikuwa katika mikono ya waganga wenyewe. Wagonjwa walipewa vidonge vya haidroksidi ya alumini ili kuzuia fosfati ya chakula isiingie katika damu. Na katika miji mingine maji ya mashine yalitoka katika mabomba ya mji, yakiwa yamesafishwa kwa chumvi za alumini bila kuchujwa tena.

Somo hilo ndilo lililobadilisha vyumba vya kusafishia damu duniani. Mgonjwa mmoja katika kipindi kimoja cha saa nne hukutana na takriban lita 120 za maji, yakitenganishwa na damu yake kwa utando mwembamba tu, bila ulinzi wa utumbo. Ndiyo maana maji ya mashine hayaruhusiwi kuzidi miligramu 0.01 za alumini kwa lita, ilhali maji ya kunywa yanayotoka katika mitambo hukubaliwa hadi miligramu 0.1 au 0.2. Fundi wa maji katika kituo cha kusafishia damu ni mlinzi wa ubongo wa mgonjwa, ingawa mara nyingi mgonjwa hamjui hata kwa sura.

Haidroksidi ya alumini iliyokuwa katika vidonge vile ndiyo ile ile inayobaki katika youtiao baada ya shabu kukutana na magadi.

Kuhusu usahaulifu wa uzeeni, hofu imezidi ushahidi. Nchini China ni kawaida kusikia kuwa youtiao hudumaza akili na kuleta ugonjwa wa Alzheimer. Ugonjwa ule wa wagonjwa wa mashine ulitokana na viwango vikubwa sana vya alumini katika damu, nao ni ugonjwa mwingine kabisa. Haijathibitishwa kuwa alumini ya chakula husababisha Alzheimer kwa mtu mwenye figo nzima, na mhudumu wa afya hapaswi kumtisha mgonjwa kwa jambo ambalo halijathibitishwa.

Mafuta na moshi

Shabu isisahaulishe mengine. Gramu 100 za youtiao zina takriban kilokalori 390, mafuta gramu 17 au zaidi, na sodiamu inayokaribia miligramu 600. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au unene wa kupita kiasi ana sababu ya kuipunguza hata kama imeumuliwa kwa hamira safi. Mafuta yanayorudiwa siku baada ya siku huharibika. China imeweka kikomo cha asilimia 27 cha kemikali zinazoashiria uharibifu huo, na mafuta yaliyofikia hapo hutakiwa kumwagwa. Anayeathirika zaidi pengine si mlaji bali ni mpishi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka moshi wa ukaangaji wa joto kali katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, kwa kutegemea hasa tafiti za saratani ya mapafu kwa wanawake wa Kichina, wengi wao wasiovuta sigara. Anayesimama juu ya karai, liwe la youtiao au la maandazi, anahitaji hewa inayopita.

Karai lililo karibu zaidi

Wanafunzi na wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wameishi Guangzhou na miji mingine ya China, na wapo waliorudi na mazoea ya youtiao asubuhi. Idadi yao ni ndogo ukilinganisha na wagonjwa wote wanaofika kliniki. Faida ya somo hili iko katika swali linaloweza kuulizwa juu ya chakula chochote cha unga: kimeumuliwa kwa nini?

Andazi la hamira halina alumini ya kuongezwa. Andazi la beking pauda linategemea aina ya pauda. Baadhi hutumia salfati ya sodiamu na alumini, ambayo huandikwa kwenye kopo kwa namba 521, au fosfati ya sodiamu na alumini, namba 541. Shabu ya youtiao yenyewe ni namba 522. Mgonjwa wa figo anayeoka au kukaanga kila siku na afundishwe kusoma namba hizo. Pauda isiyo na alumini nayo si salama moja kwa moja kwake, na hapa ushauri mwingi hukosea: mara nyingi alumini huondolewa na mahali pake huwekwa fosfati, kama vile namba 341 na 450, ambazo mwili hufyonza kwa wepesi na ambazo figo zilizoshindwa haziwezi kuzitoa. Kwa mgonjwa huyo hamira ndiyo bora.

Kisha kuna kabati la dawa. Kidonge cha kawaida cha kutuliza kiungulia chenye magnesiamu na miligramu 120 za haidroksidi ya alumini iliyokaushwa hubeba takriban miligramu 30 za alumini. Mtu anayetafuna vidonge viwili mara tatu kwa siku hupata takriban miligramu 180 kwa siku moja, kiasi ambacho hata youtiao tatu za mapishi ya kale hazikifikii. Dawa hizi hununuliwa bila cheti, na wagonjwa wengi hawazihesabu kuwa dawa. Mhudumu anayeuliza juu ya maandazi na kusahau kuuliza juu ya kiungulia amekosea mahali pa kutazama.

Shabu ya kutuliza maji ya kisima au ya mto inafaa kuzungumziwa kwa kiasi. Ikitumika kwa kipimo kidogo, sehemu kubwa ya alumini hutua chini pamoja na matope. Familia isikatazwe kutumia njia inayowakinga na maji machafu. Ielekezwe kupunguza shabu, kusubiri maji yatulie kabisa, kuchota ya juu bila kutibua masimbi, na kuyachemsha. Mgonjwa wa figo aliye katika nyumba hiyo, ikiwezekana, atumie maji yasiyotiwa shabu.

Jambo la mwisho la mezani ni ndimu, limau na dawa zenye sitrati. Asidi hii huongeza sana ufyonzwaji wa alumini katika utumbo. Kidonge cha kiungulia kinachofuatwa na dawa ya kuyeyusha yenye sitrati ni mchanganyiko hatari kwa mwenye figo dhaifu, na umewahi kusababisha sumu ya ghafla. Wanaoandika dawa za sitrati kwa ajili ya kupunguza asidi ya damu wahakikishe kwanza kuwa mgonjwa hatumii chochote chenye alumini.

Kwa mhudumu wa kliniki

Sumu ya alumini siku hizi ni nadra mahali ambapo maji ya mashine hupimwa, na kwa sababu hiyo husahaulika. Afikiriwe kuwa nayo mgonjwa wa figo mwenye maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli ya mapaja na mabega, au aliyevunjika mfupa bila ajali ya maana. Afikiriwe pia mwenye upungufu wa damu wenye chembe ndogo ilhali madini ya chuma yanatosha, hasa kama sindano za kuongeza damu zimeacha kufanya kazi. Kigugumizi kipya kinachozidi baada ya kusafishwa damu ni dalili ya kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Wagonjwa kadhaa wa kituo kimoja wakionyesha dalili hizi kwa pamoja, maji yachunguzwe kabla ya kuchunguza chakula cha yeyote.

Kipimo cha alumini katika damu kwa mgonjwa anayesafishwa damu hutarajiwa kuwa chini ya maikrogramu 20 kwa lita. Chupa ya kuchukulia damu iwe ile isiyo na chembe za madini. Chupa ya kawaida yaweza kutoa alumini yake yenyewe na kumpa mgonjwa ugonjwa asio nao. Tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo, na mara nyingi hiyo hutosha. Deferoksamini, dawa inayoishika alumini na kuitoa kupitia mashine, ni ya daktari bingwa peke yake. Ikitolewa kwa kiasi kikubwa kwa mgonjwa aliyejaa alumini, huitoa mifupani kwa kishindo na kuipeleka kwenye ubongo. Tena hufungua njia kwa maambukizi hatari ya ukungu.

Mgonjwa anayesafishwa damu akiuliza kama anaweza kula youtiao akiwa safarini China, jibu ni kuwa asile ya karai la barabarani, kwa kuwa hakuna awezaye kumwambia kilichomo. Akitamani sana, iandaliwe nyumbani kwa hamira, chumvi ipunguzwe, mafuta yawe mapya, iwe moja, na maziwa ya soya yahesabiwe katika kipimo chake cha maji ya siku.